Uji Kabla ya Misa

Bulandina alikuwa mtu wa kuota macho yakiwa wazi. Kila alfajiri pale Bwera, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, aliketi kando ya karai la mafuta, akameza vidonge viwili vya maumivu kwa funda la maji, akangoja vidole vifunguke. Baridi yabisi, ambayo wenzake kutoka Butembo huiita rimatizi, ilikuwa imevivimbisha na kuvipinda kwa miaka minne sasa. Bila vidole hakuna kukanda unga, bila unga hakuna mandazi, na Bwera nzima ingekunywa chai kavu. Mwenyewe alisema hivyo, wala hakutia chumvi sana.

Katika kungoja huko ndipo alipojiwa na mama yake. Marehemu alitokea upande wa moshi, kitenge kiunoni, kikombe cha uji mkononi. "Kunywa, mwanangu." Jibu la Bulandina halikubadilika: "Hapana, mama. Sijakomunika bado." Kwani ni nani aliyemfundisha, kama si mama huyohuyo, kwamba mtu haweki chakula kinywani tangu usiku hadi apokee Mwili wa Bwana? Dawa ruhusa, maji ruhusa, chakula hapana. Basi alikwenda misa ya kila asubuhi akiwa na vidonge tumboni, na kingine hakuna. Watu walishiba mandazi yake, yeye akiwatazama. Ukaidi jamani, mtu huurithi kama pua.

Tumbo likaanza kuwaka moto. Alilaumu maharage, akalaumu sombe, yaani kisamvu, akamlaumu na jirani aliyemuuzia mafuta. Choo kikawa cheusi kama masizi, naye hakumwambia mtu. Mambo ya chooni unayaanzaje?

Jumatano moja, kwenye mstari wa komunyo, sakafu iliinuka taratibu kumlaki, akaiona laini kama unga ulioumuka. Alipofumbua macho alikuwa amelazwa kwenye benchi, na Eseri, muuguzi wa zahanati ya jirani, amemshika mkono.

"Mama, unakulaka nini mbele ya kumeza dawa?"

"Hapana kitu. Niko nafunga."

"Kila siku?"

"Miaka ine."

Eseri akamuuliza habari za choo, bila kuzunguka. Alipojibiwa, uso wake ulibadilika. "Ile ni damu, mama. Hizi dawa za maumivu zinachubua tumbo, na likiwa tupu ndiyo mbaya zaidi. Wagonjwa wa viungo wengi inawapata hivi. Usimeze tena hata moja. Leo hii tunaenda hospitali, Kasese. Ukichelewa utakufa."

Walimlaza siku tano. Wakamwongezea damu, wakampa dawa ya tumbo na nyingine ya viungo, pamoja na sharti moja: asubuhi ale kwanza. Bulandina akasema basi afadhali afe. Alisema kweli, maana kukosa komunyo kulimuuma kuliko vidonda vya tumbo. Padri aliyekuja kumtazama akavuta kiti.

"Mama, Kanisa linadai lisaa limoja tu kabla ya komunyo. Na mgonjwa hata hilo hadaiwi. Hii ya tangu usiku umeitoa wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Ilikuwa sheria ya utoto wake. Iliondolewa zamani."

Bulandina akageukia ukutani akalia. Alililia njaa ya miaka minne ambayo hakuna aliyemwomba aivumilie.

Jumapili iliyofuata aliamka mapema, akapika uji wa ulezi, akaumimina kikombeni, akakishika kwa viganja viwili. Akashindwa kukinyanyua. Vidole vilikuwa na nafuu siku hiyo, ila moyo ulikataa. Moshi ukatanda jikoni, na mama yake akaja, kitenge kilekile, akasimama mbele yake. Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu, kwa kuwa kikombe kilikuwa kwa binti.

"Mama," Bulandina akamwambia, "niko mugonjwa."

Miaka yote ile alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo. Kisha akanywa uji wote, polepole, akajifunga kitenge, akaenda misa.