Pampu Haina Buko

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimelala kifudifudi juu ya shimo la choo, na nimevaa shati jeupe la kwendea kuchumbia. Usicheke bado.

Nilikuwa fundi wa mabomba, kijana niliyeishia shule ya msingi, mwenye aibu nyingi kuliko maneno. Siku hiyo wazee wangu walikuwa waende mtaa wa Kamalondo kwa kina Feza, kumwomba awe mke wangu. Nyumba yao ilikuwa na ukumbi mdogo chini ya ardhi, na ndiko wageni wangekaa. Choo cha huko kiko chini kuliko bomba la barabarani, kwa hiyo uchafu huangukia shimoni, kisha pampu huusukuma juu. Asubuhi hiyo pampu ikagoma, maji machafu yakaanza kurudi sakafuni.

Baba Feza akaniita. "Kuya mbio, ao tutaacha mambo ya leo."

Kuacha halikuwa jambo dogo. Mjomba wa Feza, ambaye bila neno lake binti haolewi, alikuwa ametoka mbali, Kasenga, kuuza samaki wake, na kesho yake alikuwa anarudi. Angekuja tena lini? Hakuna aliyejua.

Nikawasha pampu. Ikalia, lakini haikusukuma kitu. Nikatazama umeme: upo. Nikainua boya, kile kidude kinachoelea na kuiamuru pampu ianze: halina kasoro. Basi nikafungua vali ya bomba, bila kufikiri kwamba bomba limejaa. Yaliyokuwamo yote yakashukia shati langu.

Wakati huo wote mama Feza alikuwa amesimama juu ya ngazi, uso kaugeuzia ukutani, anakohoa. Kwetu, mwanangu, mama wa mchumba ni buko wako, yaani mkwe: humtazami usoni, huongei naye ovyo, na mambo ya choo ndiyo hayatajwi kabisa. Naye hawezi kukutajia. Basi yeye akakohoa, mimi nikafungua skrubu. Akakohoa tena, nikafungua nyingine. Saa mbili zilipita hivyo.

Ndipo akashuka bibi yake Feza, ambaye sote tulimwita Kambo, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, na fimbo yake mkononi. Bibi ndiye mwenye ruhusa ya kumtania mchumba wa mjukuu, na huyo hakuipoteza ruhusa yake hata siku moja.

"We bwana yangu," akasema, "unanuka sana kwa muntu mwenye kuja kuoa. Ulishauliza mama nini iliangukia mu choo?"

"Kambo, mama iko buko yangu. Nitamuuliza namna gani?"

Akagonga sakafu kwa fimbo. "Weye njo uko na buko. Pompi haina buko!" Akapaza sauti kuelekea ngazini: "Mama Feza! Unakohoa tangu asubui. Sema!"

Mama Feza akakohoa mara ya mwisho. Kisha sauti ndogo ikashuka: "Mama, ambia ule mutoto... jana nilikuwa nasafisha choo. Kipande ya kikwembe ya kupangusia ilinitoka mu mikono, ikaenda na maji."

Nikaona ni adabu kujibu neno. "Kambo, ambia mama, ilikuwa ya rangi gani?"

"Unataka kushona nayo robe ya kuvaa arusi?" akauliza Kambo.

Akacheka hadi akakaa kwenye ngazi, na huko juu nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mama Feza naye anacheka.

Nikazima umeme, nikachomoa waya, nikaivuta pampu na kuipindua. Mdomoni mwake kile kikwembe, yaani kitenge kikuukuu, kilikuwa kimejisokota kama kamba kwenye mapanga yake ya kusukumia maji. Cha njano, chenye maua mekundu. Nikakikata kwa kisu, nikazungusha mapanga mpaka yakawa mepesi, nikairudisha, nikawasha umeme. Ikalia, ikanyamaza kidogo, kisha bomba likanguruma hadi barabarani. Huko juu Feza akapiga vigelegele hata kabla wageni hawajafika.

Mjomba alinikuta nimeoga, nimevaa shati la baba Feza, pana kama hema.

"Huyu njo bwana arusi?" akauliza.

"Sasa iko nanuka sabuni," Kambo akajibu. "Mumupatie mutoto."

Nikapewa. Na baada ya harusi Kambo akatuletea kikwembe kipya, cha njano chenye maua mekundu. "Mama anasema: hii isifike mu choo." Kimepauka sasa, lakini Feza bado anakivaa Jumapili.

Mwanangu, wazee walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Heshima ni nzuri, ishike. Lakini heshima inakuzuia kumtazama mama usoni, haikuzuii kutafuta Kambo wa kukuulizia. Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, uliza: nani alikitumia chombo mwisho, na nini kiliingia ndani yake? Na kabla ya kutia mkono, zima umeme. Hayo mawili yanatosha kazini, na la kwanza linatosha hata ndoani. Mimi na Feza tukinyamaziana, mmoja wetu hukohoa, na mwingine hujua ni wakati wa kuuliza.

Mungu akupe mikono isiyochukia uchafu na kinywa kisichoogopa swali. Nyumba yako ijae wageni, mabomba yako yasirudishe kitu, na watu wako wasikohoe muda mrefu bila wewe kuwasikia.