Mabomba Kumi na Moja ya Dorothea

Dorothea Boois hakai. Mpe kiti, atakipangusa, atakisogeza kivulini, kisha atakumbuka kwamba kuna mbuzi hajamwona tangu asubuhi. Watu wa upande huu wa Berseba wamemzoea. Wakimtembelea hunywa kahawa wakimfuata nyuma, kikombe mkononi, kutoka jikoni hadi zizini, kutoka zizini hadi chini ya pampu ya upepo. Alikuwa hivyo miaka yote aliyopika hotelini Keetmanshoop, na marehemu mumewe alilalamika mpaka mwisho kwamba hajawahi kumaliza sahani ya nyama akiwa na mke mezani. Kanisani hukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Wengine husema ndivyo alivyoumbwa. Uongo. Mpaka alipofika miaka kumi na miwili alikuwa mtoto wa kukaa chini na kuchezea mawe kama watoto wa watu.

Kilichomwinua ni pampu, ile ya zamani, ya baba yake Gottlieb. Watu hutazama gurudumu la mabati linavyozunguka juu ya mnara wakadhani kazi iko huko. Kazi iko chini ya ardhi. Chini kabisa kuna vipande vya ngozi vinavyopandisha maji, na ngozi zikilika hakuna njia ila kung'oa bomba lote, kipande baada ya kipande. Punda wanavuta kwa kamba, kipande kinatoka, na cha chini yake kinabanwa kwa kibano: vyuma viwili, bolti mbili, nati mbili. Kibano kinalala juu ya mbao mdomoni mwa kisima, na mabomba yote yaliyobaki yananing'inia hapo wakati watu wawili wanafungua la juu kwa spana. Kibano kikiteleza, kila kitu kinarudi chini na kisima kimekufa.

Siku hiyo kiliteleza. Mabomba tisa yalikwenda kwa mlio ambao Dorothea anausikia hata leo akiosha vyombo. Waliokuwa kwenye spana ni kaka zake, Simson wa miaka ishirini na Efraim wa kumi na minane. Simson akasema Efraim alivuta kwa pupa kama anayeng'oa jino. Efraim akasema Simson ndiye aliyeegemeza goti kwenye kibano. Walipigana palepale, baba akawatenganisha kwa mjeledi wa punda. Mwaka huo mvua haikunyesha. Baba aliuza mbuzi walioweza kutembea, wasioweza akawaacha, akaenda kuchunga kondoo wa Mzungu huko Aroab. Alirudi Berseba akiwa ndani ya sanduku.

Tangu siku ile Simson na Efraim hawajasemeshana. Miaka thelathini na tisa. Harusini kila mmoja kona yake, msibani kila mmoja koleo lake.

Na hakuna aliyewahi kuuliza nani alikaza kibano. Alikaza Dorothea. Nati ya pili ilimponyoka ikazama mchangani. Aliipapasa, hakuiona, akamsikia baba akifoka punda wasimame, akaogopa kusema. Akajiambia moja itatosha.

Baada ya uhuru serikali ilichimba kisima kingine na mnara wa zamani ukahamishiwa hapo. Dorothea alipofiwa na mume alirudi kufuga mbuzi, na kazi zote za pampu hiyo anazifanya. Hupanda mnara mwenyewe kutia mafuta, umri wa kuwa na wajukuu, sketi imefungwa kiunoni. Kibano tu hakigusi. Siku za kung'oa humwachia fundi wa serikali, yeye akaenda kuchemsha kahawa isiyohitajika.

Basi mwezi wa kumi, joto la kupasua midomo, Jumatatu asubuhi gurudumu likawa linazunguka na bomba halitoi kitu. Mbuzi mia na kumi na wawili, maji ya siku mbili kwenye tangi. Akampigia simu fundi. Fundi akasema wiki tatu. Dorothea alizunguka nyumba mara nne, kisha akafanya alilokuwa akilikwepa nusu ya maisha yake: akamwita Simson, akamwita Efraim, na kila mmoja akamwambia anamwita yeye tu.

Jumatano Efraim alifika kwanza, ameomba lifti, na ngozi mpya kwenye mfuko. Simson akafika na mkewe Alma kwa mkokoteni wa punda. Alipomwona ndugu yake hakushuka.

"Uliniambia uko peke yako," alimwambia Dorothea.

"Nilikuwa peke yangu nilipokuambia."

"Shuka, baba Hiskia," alisema Alma. "Mbuzi hawana habari na ugomvi wenu."

Alishuka. Efraim akaokota spana yake. "Doro, mwambie huyo akae upande wa kule. Sitaki mtu mgongoni kwangu."

"Mwambie mwenyewe, yuko hatua tatu."

"Mimi sina cha kumwambia."

Alma akashika punda. Ndugu wawili wakasimama kwenye spana, uso kwa uso, bomba katikati yao. Kikabaki kibano. Dorothea alitazama huku na huku kana kwamba mtu wa tano angeota ardhini, kisha akapiga magoti.

Bomba la kwanza likatoka. Alikaza nati ya kulia, akakaza ya kushoto, akarudi ya kulia, akaishika ya kushoto kwa vidole kama anapima homa.

"Unakaza nati au unaiombea?" aliuliza Simson.

"Mwache," alisema Alma. "Akimaliza tutamwita mchungaji aibariki."

La pili, la tatu, la nne. Jasho lilimwingia machoni, hakulipangusa, maana mikono haikutaka kuachia chuma. Kwenye la tano spana ya Efraim iliteleza ikampiga Simson kwenye vifundo vya vidole. Damu kidogo tu, lakini ilikuwa inatafutwa.

"Doro, mwambie kaka yako mikono yake ni ileile iliyomuua baba," alisema Simson.

"Na wewe mwambie goti lake aliweke mbali na kibano, asije akakiua na kisima hiki," alijibu Efraim.

Simson akaitupa spana mchangani. "Alma, geuza punda. Tunaondoka."

Mabomba sita yalikuwa yananing'inia kwenye kile kibano. Kwenye hori mbuzi walikuwa wanalamba saruji. Dorothea aliwatazama, akamtazama Alma, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Kaka Simson, ngoja."

"Nimengoja miaka arobaini huyu aniombe radhi."

"Hana cha kukuomba radhi. Wala wewe huna. Ni mimi."

Akawaeleza akiwa magotini, haraka, kama anayesoma orodha ya vitu vya kununua dukani: nati, mchanga, sauti ya baba, nati moja. Alipomaliza, mbuzi mmoja alikohoa.

Simson alirudi hatua kwa hatua. "Ulikaza moja."

"Moja."

"Ukakaa kimya."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

"Kumi na miwili ulikuwa nayo mwaka mmoja tu," alisema Efraim.

Alikuwa amejitayarishia kofi, hata matusi, na mwili wake wote ulikuwa unangoja. Simson hakumtazama. Alimtazama Efraim.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Alma aliketi mchangani na kamba za punda mkononi. Miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuwasikia watu hao wakipeana hata salamu.

"Toka hapo," Simson alimwambia dada yake. Akainama, akazijaribu nati zote mbili kwa spana. Hazikusogea hata unywele. "Zimekaza," alimwambia Efraim.

"Naona."

"Alma, njoo ushike kibano. Yeye apeleke punda."

Ndivyo Dorothea alivyopeleka punda. Hatua ishirini mbele, simama, ngoja, rudi. Nyuma yake alisikia maneno ya kazi, shika, nimeshika, zungusha, taratibu, na maneno hayo hayakuwa yakipitia kwake tena. Kwenye bomba la nane walisema jambo ambalo hakulishika. Simson alicheka, au alikohoa. Angegeuka punda nao wangegeuka, kwa hiyo akabaki anatazama masikio yao, na miguu yake inakanyagakanyaga palepale.

Ngozi zilitoka zimelika nyembamba kama ganda la kitunguu. Efraim akafunga mpya, mabomba kumi na moja yakarudi chini, na alasiri breki ya gurudumu ikafunguliwa. Maji yalianza na kutu, yakawa kama chai, yakawa maji. Mbuzi walisukumana mpaka mmoja akaingia horini na kusimama humo.

Walikula nyama na mkate uliookwa majivuni. Dorothea aligawa akiwa amesimama, akala akiwa amesimama. Siku nyingine lazima mtu angemwambia akae. Leo hakuna aliyemwambia.

Simson alifuta kisu chake kwenye suruali. "Baba alijua?"

"Hapana."

"Basi alikufa akidhani ni mmoja wetu."

Dorothea aliitikia kwa kichwa.

"Jumapili baada ya ibada tunakwenda kaburini, mimi na Efraim. Na wewe utakuja. Utamwambia kwa sauti, sisi tukisikia."

"Nitakuja. Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sijui. Usiniharakishe."

"Wifi," alisema Alma, akipanda mkokoteni, "maji yapo. Kwa leo inatosha."

Efraim hakuomba lifti. Alikaa nyuma ya mkokoteni wa kaka yake, miguu ikining'inia, wakaenda hivyo mpaka vumbi likawameza. Hakuna aliyepunga mkono.

Siku nne zilibaki. Dorothea alitoa gauni refu la kanisani, akatia makaa kwenye pasi, akanyoosha, akatundika, akaona mkunjo begani, akalishusha. Alisugua viatu. Kisha akaanza kutembea kati ya jikoni na zizi akijaribu maneno kwa sauti, kama alivyoambiwa. Alianza na Baba, akafika kwenye nati, akageuka kwenye lango la zizi na kuanza upya. Jua lilipokuwa linashuka alikuwa bado hajaweza kupita pale nati inapozama mchangani, na pasi ilikuwa imepoa kando ya gauni.