Mashine Iliyoniuliza Kama Nimekula

Jamani, mucheke tu, nimeshazoea. Hapa Uvira hata motari nisiyemjua akinifikisha sokoni ananiuliza, "Na weye, umekula?" kisha anaondoa pikipiki yake akicheka. Aibu yenyewe ilishanipata, sasa afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wanaoongeza chumvi (ingawa sijui wataiongeza wapi, ilishajaa).

Kazi yangu ni kupanga mashine ya akili bandia iongee na watu namna gani. Siyo kuitengeneza, hapana, hiyo wako wenye kuijua. Mimi napanga ikusalimie vipi, ingoje kiasi gani kabla ya kukukatiza, na ikikosea ikuombe msamaha kwa maneno gani. Tulikuwa tunaandaa moja ya wakulima wa bonde la Ruzizi: unaifungua simuni, unaiuliza juu ya mvua au ugonjwa wa muhogo, inakujibu kwa sauti, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha ziwani. Sasa kwetu, munajua, muntu haanzi na shida yake hivi hivi. Lazima nyumba iulizwe kwanza, watoto waulizwe, na kama jana ulisema una mgonjwa, leo nikikuona nikamruka huyo mgonjwa, utauliza nimelelewa wapi. Kwa hiyo nikaipanga ikumbuke ulichoiambia na ianzie hapo. Na ukiijibu kwa mkato isikuache, ikuulize tena polepole, maana "nzuri" ya kwanza huwa haisemi kitu. Nilijivunia sana jambo hilo.

Sauti ilikuwa ya Neema. Neema, mutoto wa kijiji cha Kiringye, ndiye tuliyekuwa tuoane, na kazi ilipoanza alikubali kwa moyo mweupe kutuazima sauti yake. Alikaa kwangu madirisha yamefungwa kwa ajili ya kelele za pikipiki, akisoma sentensi mpaka koo linakauka, tunacheka, namletea chai. Kisha akapata kazi Bujumbura. Ni hapo ng'ambo ya ziwa tu, jamani, kusipokuwa na ukungu naiona kwa macho yangu nikisimama ufukweni! Lakini akanipigia akasema, "Bahati, usiningoje," na tangu hapo Bujumbura ikawa mbali kuliko Kinshasa.

Sauti yake ikabaki mule simuni. Nilisema naifanyia majaribio. Majaribio gani! Nilikuwa narudi nyumbani, naifungua kwenye simu yangu, inasema, "Karibu Bahati, habari ya nyumba?" nami nasema nyumba imepoa, inaniuliza imepoa kwa nini, basi naeleza. Nilimkumbuka yule mwanamke mpaka mwili unauma.

Siku ya kuionyesha kwa akina mama wakulima, katika ukumbi wa parokia, nikakuta simu ya kazi imezima kabisa, umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu tangu jana yake. Jenereta ya ukumbi ilikuwa inanguruma, lakini akina mama walishakaa, nani angengoja simu ijae? Nikajiambia, si nitumie yangu tu, mashine ni ile ile. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikaiunganisha, bila waya, na bafle kubwa la kupazia sauti za kwaya.

Mbele kabisa ameketi Mama Neema, mama mkwe niliyemkosa, kitenge kipya, mikono mapajani. Nikamsalimia nimeinama, bila kumtazama usoni. Akaitika "Eeh," basi.

Nikasogeza mikro mdomoni. "Mama zangu, mutaona, hii mashine iko na heshima kutupita sisi wote." Nikabonyeza.

"Karibu Bahati," bafle likasema kwa sauti ya Neema. "Jana uliniambia umepika bugali ya watu wawili ukashindwa kula peke yako. Leo umekula?"

Nikasema haraka, "Nzuri, nzuri, tuendelee na mvua." (Muntu anaulizwa kama amekula, anajibu nzuri!)

"Bahati," ikasema polepole, vile vile nilivyoipanga, "unanijibu kwa mkato. Bado unamngoja Neema?"

Mungu wangu! Nikabonyeza kila mahali, jasho linaingia machoni, simu ikanitoka ikateleza chini ya mabenchi, na huko chini ikaendelea. "Ulisema unaogopa kwenda kwa mama yake. Ni mkali namna gani?" Akina mama wakalipuka. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Motari wa nje walizima pikipiki wakajaa madirishani wasikose neno.

Aliyeiokota simu ni Mama Neema. Nilitamani sakafu inimeze. Akaishika kwa mikono miwili, yeye hacheki, na watu wakatulia. Akaisogeza mdomoni.

"Neema? Mwanangu, uko?"

"Jambo mama," ikaitika. "Habari ya nyumba?"

"Nyumba iko," akasema, na machozi yakaanza. "Hatujakuona tangu Noeli. Weye uko aje?"

"Niko vizuri, mama. Na watoto, wanaendeleaje?"

Nikakimbia kuzima bafle, sauti ikakatika, maana nilijua mashine haina kingine cha kumpa. Mimi mwenyewe niliyeipanga, sikuwahi kufikiria kwamba mama anaweza kuiitikia ile mashine kwa kiu hiyo.

"Kumbe siye yeye?" akaniuliza.

"Siye, mama. Ni sauti tu."

Akajifuta uso, akatoa simu yake mwenyewe kwenye kitenge, akapiga hapo hapo mbele ya wote. Neema mwenyewe akaitika, amepata mafua, kelele za magari nyuma yake.

"Miye niko na Bahati hapa," mama akamwambia. "Sauti yako imetuambia anapika bugali ya watu wawili."

Akasikiliza, kisha akanipa simu.

"Bahati. Toa sauti yangu mule."

"Nitaitoa."

"Leo."

"Leo."

Nikangoja aniulize kitu, kitu chochote.

"Murudishie mama," akasema.

Nikaitoa jioni ile ile. Sasa inaongea kwa sauti nzito ya mwalimu mmoja mstaafu, na nimeapa sitafanya tena majaribio kwa moyo wangu, wala simu yangu haitaona bafle tena. Ile tabia ya kuuliza mara ya pili nimeifuta pia. Mama Neema anaitumia kwa muhogo wake, na tukikutana sokoni anasema mwalimu anasalimia vizuri, ila ile ya kwanza ilikuwa bora. Jioni naifungua, kwa kazi, kweli ni kwa kazi, inaniuliza habari ya nyumba. Nasema nzuri, na inaniamini.