Sahani Tulizozingoja Ufaransa

Harufu ya hema lililolowa umande, ikichanganyika na iliki na mafuta ya kukaangia, mpaka leo inanipandisha hasira. Ndiyo harufu ya kiangazi kile tulichopiga kambi katika vijiji vya Ufaransa, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Tuliruka kutoka uwanja wa Dulles, Amerika, Baba, Mama na mimi, tukakodi gari na kushika njia za kusini. Baba alikuwa ameendesha teksi miaka mingi kwenye foleni za kutoka Woodbridge kwenda Washington, na alichotaka ni barabara tupu na siku zisizo na saa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kumwona Bibi, mama yake Mama. Alikuwa ametoka Mombasa kumtazama mjukuu mpya kwa Mjomba Hamadi, ambaye alioa Mngazija akahamia kijiji kimoja kule kusini. Amerika walimnyima viza kila alipoomba. Nilimjua kwa sauti ya simu tu, na Jumamosi asubuhi angepanda ndege kurudi kwao.

Vijiji vilikuwa vizuri, sitasema uongo. Nyumba za mawe, madirisha yenye mbao za rangi, kengele ya kanisa na harufu ya mkate asubuhi. Baba alisimama katika kila kimoja. Aliwatazama wazee wakirusha mipira yao ya chuma kwenye vumbi, akawaamkia kwa Kiswahili na wao wakamjibu kwa Kifaransa, kila mmoja ameridhika. Mimi nilibaki kiti cha nyuma nimenuna, dirisha limefungwa. Lakini polepole ya Baba ningeivumilia. Kilichonishinda ni sahani za Mama.

Jioni ya kwanza, kwenye kambi ya kando ya mto, Mama alikaanga mahamri juu ya jiko la gesi, akapanga mengine kwenye sahani yake ya maua, akaifunika kwa kawa alilolileta kutoka nyumbani, akanituma kwa majirani, mume na mke wazee waliokuwa na gari jeupe la kulala. Ndivyo alivyolelewa: ukipika kikanukia, jirani aonje. Na sahani ikienda hurudi yenyewe, na kitu juu yake, hata kama ni sukari kidogo. Haiombwi. Asubuhi tulikunja hema, tukapakia kila kitu, Mama akaketi kwenye kiti cha kukunja akitazama lile gari jeupe. Wazee walikuwa wametoka na baiskeli. Waliporudi mchana walitupungia mkono, wakaketi mezani pao, na katikati ya meza ilikuwepo sahani ya Mama imejaa pichi zao wenyewe. Walidhani wamepewa zawadi.

"Mama, just ask them," nilisema. "Ni sahani tu."

"Siendi kumgongea mtu kumdai sahani. Ataona tunamsimanga kwa mahamri yetu. Itarudi."

"Relax, mwanangu," Baba akasema, ameshavua viatu. "Tuko vacation."

Tukapiga hema upya. Kesho yake Mama alikubali kuondoka bila sahani, akanuna njia nzima, nami nikanuna nyuma yake. Nilidhani amejifunza. Kambi iliyofuata, kijiji kilichokuwa mlimani, alipika wali wa nazi akanituma kwa mwanamke mmoja mwenye mbwa. Huyu aliirudisha alfajiri ya Ijumaa, ameijaza cheri, na nikashukuru moyoni kwamba sasa tutaondoka. Mama aliitazama ile sahani iliyojaa akaniambia niwashe jiko. Cheri zote zile, alisema, hawezi kuzila halafu aende zake kama mwizi. Akakanda unga. Yule mwanamke naye akajibu kwa jibini, Mama akajibu jibini kwa sambusa. Nililia waziwazi, nikamwambia Bibi ataondoka. "Ni mama yangu," alinijibu bila kugeuka. "Unadhani sijui anaondoka lini?" Tulipoingia garini jua lilikuwa linazama, na Baba akakataa kuendesha gizani kwenye barabara za mlima asizozijua. Tukalala pale pale.

Jumamosi tulifika kwa Mjomba mapema, na bado tulichelewa. Mkewe alitufungulia mlango mtoto akiwa begani. Mjomba alikuwa bado njiani kurudi kutoka uwanja wa ndege. Mama aliketi kwenye ngazi na mkoba wake mapajani. Mke wa Mjomba akanipeleka jikoni, akaninyooshea sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, imefunikwa. Ndani ulikuwepo mkate wa kumimina, umeanza kupoa. "Bibi yako amepika kwa mkono wake," alisema. "Amesema sahani mtamrudishia wenyewe, Mombasa."

Hatukuirudisha. Mwaka huo Mama alipata kazi ya kulea wazee, mwaka uliofuata Baba aliugua mgongo, kila kiangazi kikawa na sababu yake, na Bibi akafariki kabla sababu hazijaisha. Siku hizi naishi mji wa Manassas, si mbali na Woodbridge. Nikipika pilau nawapelekea majirani, hilo sikuweza kuliacha, lakini natia kwenye visahani vya karatasi ya fedha vya kutupwa, ili nisimngoje mtu. Binti yangu huvipeleka mbio, akarudi mikono mitupu na hakuna anayejali. Mama hupaona kwangu kama hospitali. Yeye huko Woodbridge bado anagawa sahani zake, bado anachungulia dirishani.

Sahani ya buluu ninayo mimi. Kila Mama akija hufungua kabati, huitazama, huweka tende mbili juu yake, hufunga. Hajawahi kuniambia kwa nini, na sijawahi kumuuliza. Akishaondoka mimi huzitoa nikazila nimesimama, na hasira ileile ya kiti cha nyuma. Kisha huiosha, huifuta vizuri, kama kwamba kuna mtu wa kumpelekea.