Namba Aliyoishika Mama Kichwani

Tangazo la ile kazi nililiona mimi. Hilo nataka lijulikane kabla ya mengine yote. Nililiona kwenye simu nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, jioni nikamwonyesha mdogo wangu, tukaomba wote wawili. Kampuni moja ya Dar es Salaam, ya kutuma na kuweka fedha kwa simu, ilikuwa inatafuta watu wa kupokea simu za wateja. Walitupigia, wakatuhoji. Mimi nilijibu kila swali, ila lafudhi yangu ya Kiha haijui kujificha. Yeye akajibu kwa ile sauti yake laini kama mawese ya moto. Akapanda treni, mimi nikarudi kwenye dagaa.

Nilimwonea wivu, tena wivu wa waziwazi, wa kukosa usingizi. Mwenzangu alikuwa na kiti kinachozunguka, kiyoyozi, chai ya bure, na mshahara unaoingia bila kujali kama mwezi ni wa giza au wa mbalamwezi. Sisi wa dagaa mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki, na wasipotoka hatuna cha kuanika. Alikuwa na kadi ya bima ya afya, na humo amemwandika mama. Mimi nilikuwa na harufu.

Halafu wakamrekodi. Ukipiga namba yao ya huduma kwa wateja, kabla hujampata mtu wa kuongea naye, ni yeye anayekukaribisha na kukuambia ubonyeze moja au mbili. Kwa kuwa kupiga ni bure, alimpa mama ile namba ajisikilizie. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, mkono mmoja umeshika chai niliyoipika mimi, mama anapiga.

"Karibu," inasema simu. "Tunafurahi kukuhudumia."

"Asante, mwana wanje," anaijibu mama kwa Kiha, yaani mwanangu. "Umeamkaje huko?"

"Kujua salio lako, bonyeza moja."

"Sisi wazima. Mguu tu ndio unauma kidogo."

Asipobonyeza kitu, sauti inaomba samahani, simu inakatika. Mama anaiweka chini ameridhika kabisa. "Ana kazi nyingi huyu," anasema. Nimemweleza mara ngapi kwamba ile ni mashine! Anajibu kwamba anajua, yeye si mjinga, lakini sauti si ya mwanawe? Siku moja nilimuuliza mbona mimi ninayelala chumba cha pili hanisalimii kwa furaha ile. Alicheka, akaniomba sukari.

Mdogo wangu alikuja likizo mara moja tu. Nilitegemea kuona mtu aliyenawiri. Alishuka amekonda, na ile sauti imekwaruza. Siku ya tatu mitambo yao ikagoma, ofisi ikamtafuta hukohuko likizoni, akakaa kizingitini na hedifoni zake mpaka ile migebuka ya ziwani niliyomkaangia ikapoa. Alipomaliza akanifuata uani.

"Dada, mtu katuma hela kwenye namba siyo, ananitukana mimi mpaka marehemu baba. Na mimi namwambia asante kwa kutupigia. Hata chooni tunahesabiwa dakika."

"Pole," nikamwambia. "Huku chooni tunakaa mpaka tunachoka."

Hakucheka. Wala sikutaka acheke. Niliona ananiringia, maana hata malalamiko yake yalikuwa ya mtu mwenye ajira. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na siku ile nilikuwa na hakika kabisa mwenye njaa ni mimi.

Masika ya mwaka huu mama alianguka uani. Presha. Nilimbeba mgongoni kutoka nyumbani kwetu, Rusimbi ndani, mpaka barabarani, nikapata bajaji, nikampeleka hospitali. Ile kadi ya bima ikatolewa, na mama akapata kitanda bila maswali. Mgongo wangu ulikuwa unawaka moto, lakini kilichofungua mlango ni kadi ya mdogo wangu.

Nesi akaja na daftari. "Bibi, tupe namba ya ndugu yako wa karibu."

Mama akaitaja palepale, amefumba macho, tarakimu zote bila kukosea. Mimi nimesimama pembeni na kanga zake mkononi. Nesi akaipiga kwa sauti ya juu, na wodi nzima ikakaribishwa na kuambiwa ibonyeze moja kujua salio.

Wagonjwa wakaangua kicheko. "Ndiye huyo mwanangu," mama akasema. "Subiri amalize."

Nesi akanigeukia. "Na wewe dada ni jirani?"

"Mtoto wake," nikasema. Nikamtajia namba yangu, kwa sababu mama hakuijua.

Mchana mdogo wangu, niliyekuwa nimemtumia ujumbe kuhusu mama, alinipigia, nami nikatoka nje ya wodi kupokea. "Shikamoo dada. Nimeiba dakika za chakula. Nimeomba ruhusa, wanasema mwisho wa mwezi simu ni nyingi, hakuna wa kushika zamu yangu. Anaendeleaje?"

"Amepata nafuu."

"Ameniulizia?"

Tangu nimfikishe pale mama alikuwa hajataja jina jingine ila lake. Alikuwa amemhadithia mgonjwa wa kitanda cha jirani, nesi, hata mfagiaji.

"Hapana," nikasema. "Hajakutaja."

Akasema, "Haya dada. Msalimie," akakata. Nilisubiri nijisikie vizuri. Kwa muda mfupi nilijisikia vizuri kweli, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Niliporudi mama alikuwa amejiinua kwenye mto. "Mdogo wako amepiga?"

"Bado, mama."

Akanishika mkono, huu wa magamba.

"Usimkasirikie, mwana wanje. Angekuwa na nafasi angepiga. Wewe ndiye mkubwa, mvumilie."

Nikamwambia sina kinyongo naye, nikaanza kummenyea chungwa.