Mguu wa Kiti Ukutani

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi.

Leo kwa fundi seremala mmoja hapa Busia nimeona mguu wa kiti umetundikwa ukutani, nikamkumbuka baba, kule Dabani, nilipokuwa msichana mdogo.

Siku moja mjomba alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, akakalia kiti alichotengeneza baba, viungo vikaachana, akaanguka.

"Shemeji," akasema, "hiki ni kiti ama ni kuni?"

Majirani wakacheka. Kwa haki, kiti kilikuwa kibovu. Lakini nilitamani aanguke tena.

Baba aliokota mguu mmoja, akaunusa. Bado ulinuka utomvu.

"Niliharakisha," akasema polepole. "Mti ulikuwa mbichi, umesinyaa."

Akautundika juu ya meza yake ya kazi. Mimi nilidhani ni rungu la kumngojea Mjomba. Kila alipokuja tena niliutazama, nikangoja baba aushushe. Hakuushusha. Aliutazama tu kabla ya kuchagua mbao, na leo najua alikuwa akijionya mwenyewe.

Labda nakosea, lakini mimi ningeushusha.

Jioni ya siku ile ya kuanguka tulikula kuku na ugali wa wimbi. Mjomba, kama mgeni, akapewa firigisi, nami nikamtazama akitafuna, nikiomba imkwame.