Pundamilia Kumi na Tisa

Mlio wa tembo ulinifikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa Nduguti, nasubiri nakala za vyeti vyangu, na mwenye duka alikuwa ameinamia kompyuta, anacheza mchezo wa kutunza bustani ya wanyama. Nikacheka peke yangu. Hukuwahi kujua, rafiki, kwamba nami niliwahi kutunza bustani ya wanyama. Nilikuwa na miaka kumi.

Bustani yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta ya jirani wa shule yetu, Mhindi muuza vitambaa pale Singida mjini. Chumba cha nyuma ya duka kilinukia pamba mpya na bizari iliyokaangwa. Binti yake alinizidi miaka mitatu, nami nilimwita dada. Alinikabidhi uzio mmoja, wa pundamilia wawili. Mimi nililelewa na bibi kule Mwankoko, nikisomba samadi kabla ya shule, na kwetu heshima ya mtu huonekana zizini. Basi sikutoa hata mmoja. Walizaana. Kila nikitoka shule niliwahesabu kwa kidole juu ya kioo, moyo umejaa fahari, mpaka wakafika kumi na tisa.

Ndipo nyasi zikaisha. Nyuso nyekundu za hasira zikaning'inia juu ya vichwa vyao, madume yakapigana, wawili wakafa, wageni wa bustani wakaondoka.

"Wahamishie bustani nyingine," dada akaniambia.

"Anayegawa mifugo amekwisha."

"Basi fuga mizoga, we Mnyaturu! Jumamosi tunahamia Dodoma na kompyuta inakwenda. Ijumaa nikikuta bado wanakufa, naifuta bustani yote."

Jioni ile niliusukuma pembeni ugali wa uwele. Bibi akauliza kulikoni, nikamweleza. Kompyuta hakuijua, lakini zizi alilijua.

"Madume mangapi?"

"Sita."

Akacheka mpaka mlenda ukamwagika. "Sita, zizi moja? Mjukuu wangu, hapo unafuga ngumi."

Kisha akanikumbusha jambo nililoliona siku zote bila kulielewa. Ng'ombe wake hawakulala kwetu wote. Wengine walikuwa Sepuka kwa shoga yake, wengine kwa mkwewe. Waliowachunga walikunywa maziwa. Ndama walibaki wa bibi. "Ng'ombe wote zizi moja, msiba wote siku moja," alisema, akilamba vidole.

Kesho yake nikaanza. Nilibakiza dume moja, yaliyosalia nikayahamisha. Jumatano umeme ulikatika kutwa nzima. Nilikaa mbele ya kioo cheusi nikichagua kichwani nani atakwenda, nani atabaki. Alhamisi nikaendelea, mpaka akabaki mmoja wa kuondoka: yule mama wa kwanza, aliyewazaa karibu wote. Nilikuwa nimeapa huyu haendi. Lakini uso mwekundu ulikuwa bado unaning'inia. Nikavuta pumzi, nikabonyeza.

Ijumaa dada akaja, akainama kutazama.

"Wako wangapi?"

"Wanane."

"Waliokufa?"

"Hakuna mwingine."

Akatazama nyasi zilivyoota. "Aa, mmoja amekufa," akasema. "Kiburi chako."

Duka lile leo linauza makava ya simu. Mahali pa zizi la bibi zimejengwa nyumba za wapangaji, na bibi mwenyewe tulishamzika. Sioni tena watoto wakibishana juu ya nani aondoke ili wengine wapone. Mimi ubishi ule ndio ulionifundisha kuchagua, na bado nachagua hivyohivyo: kwa uchungu, lakini nachagua.

Jumamosi ile ya kuhama, asubuhi, nilimwamkia jirani, akaitikia marahaba huku akichomoa nyaya. Dada akaifunga kompyuta kwa khanga, akaipakata kama mtoto mgonjwa. Nikaigusa khanga ile kwa kidole.

"Dume lile likizeeka nitalibadilisha," akasema. "Usinifundishe."

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.